Marehemu wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na moja nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa nikisikiliza hotuba yangu ikisomwa kwenye maziko ya watu wengine, na hakuna hata msomaji mmoja aliyenitaja. Nasema hivi mapema ili ujue unashughulika na mtu wa namna gani. Wenzangu wakienda msibani hutazama maua. Mimi nilikuwa nahesabu aya.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuandika, kusoma hadithi na mashairi kwa makini, na kusimama kusema mbele za watu, katika chuo cha miaka miwili hapa Stensrud, Dakota ya Kaskazini. Wanafunzi wangu ni wauguzi wa kesho, madereva wa malori, wake wa wakulima ambao watoto wamewaachia nyumba tupu, na vijana ambao bado hawajui wanataka nini. Zamani tulitumia kitabu kinene chenye picha za watu wanaochekea maikrofoni. Kilikuwa ghali mpaka wanafunzi wanne wakawa wanachangia nakala moja, na wa nne alipata zamu yake mtihani ukiwa umeshapita. Basi kiangazi kimoja chuo kikanipa nafasi ya kuandika kitabu huria, yaani kitabu cha bure kinachokaa mtandaoni, ambacho mtu yeyote anaweza kukichukua, kukichapa, kukipunguza, kukigeuza na kumpa mwenzake. Sharti lilikuwa moja tu, nalo limeandikwa chini ya kila ukurasa: ukitumia maneno haya, sema umeyatoa kwa nani.

Nilipomweleza Baba, alifikiri kidogo akauliza, "Bure? Kina ubovu gani?"

Nikakiita Simama Useme. Ningependa kusema nilikiandika kwa ajili ya wale wanafunzi wanne. Niliandika kwa ajili yao kwa wiki mbili hivi. Baada ya hapo niliandika kwa ajili ya kihesabio. Kitabu kile kina mahali panapoonyesha watu wangapi wamekipakua na wako nchi gani, na kila asubuhi kabla ya kahawa nilikuwa nachungulia hapo. Siku moja nikaona mtu mmoja wa Ujerumani. Kichwa kikanivimba, nikawaambia wenzangu ofisini kwamba Wajerumani wameanza kunisoma. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Janelle, askari kambini huko, aliyetakiwa kusema maneno mawili matatu kwenye harusi ya rafiki yake.

Sura ya saba inahusu hotuba za shughuli: harusi, mahafali, maziko. Kila sehemu ilihitaji mfano, na mifano mizuri iliyopo ina wenyewe. Ilibidi nitunge. Kwa hotuba ya buriani nikamtunga mkulima mmoja, nikampa jina la Harold Lund, nikamuua kwa ugonjwa wa moyo, nikamlaza ukurasa wa mia na kumi na mbili. Harold alikuwa na mambo manne. Hakuwahi kupita gari lililokwama kwenye theluji. Aliwaondolea wajane theluji mlangoni kabla hawajaamka, na ukimuuliza anakana. Akiendesha gari, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu kila aliyepishana naye, hata wale wasiosemeshana naye. Na la nne, siku ya sherehe ya Krismasi mtoto wa miaka tisa alisimama mbele ya kanisa zima kusema aya zake, akazisahau, akabaki ameduwaa. Harold alikuwa nyuma, karibu na meza ya kahawa. Akasukuma kwa kiwiko sinia la vikombe, likaanguka. Kanisa zima likageuka kumtazama yeye, na waliporudisha macho mbele, mtoto alikuwa ameshazikumbuka.

Nimesema nilimtunga. Nilichotunga ni jina. Mambo yote manne yalikuwa ya Baba yangu, Alvin Brekke, ambaye wakati huo alikuwa hai, mzima wa afya, akiishi maili sita kutoka chuoni, na mtoto wa aya alikuwa mimi. Vikombe vilivyovunjika vilikuwa kumi na kimoja, na Mama alimsema Baba njia nzima hadi nyumbani kwa uzembe wake.

Wa kwanza kumtumia Harold alikuwa Verna Tollefson. Verna alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na aliingia darasani kwangu akiwa na miaka hamsini na minane kwa sababu, alivyotuambia siku ya kwanza, amechoka kuwa mtu ambaye maneno yake yote maishani ni "songa mbele, usisukume." Mwaka uliofuata mumewe, Ordell, akafariki. Mimi na Baba tukaenda kanisani, tukakaa benchi la nne, mahali pa Baba pa siku zote. Verna akapanda mimbarini, akakunjua karatasi, akasema, "Ordell wangu hakuwahi kupita gari lililokwama kwenye theluji."

Nikashtuka. Alisoma ukurasa mzima. Alikuwa amebadilisha jina, na mahali pa vikombe ameweka sahani za viazi. Watu walilia. Mimi pia nililia, nusu kwa ajili ya Ordell na nusu kwa jinsi aya ya tatu ilivyokaa vizuri.

Wakati wa kurudi, Baba aliendesha pikapu yake maili mbili. Kisha akasema, "Ordell alibadilika sana mwishoni."

"Vipi, Baba?"

"Mwaka ule wa theluji kubwa alinipita nikiwa nimetumbukia mtaroni. Alipunguza mwendo kwanza. Akaangalia, halafu akaongeza."

Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunazungumza.

Kufa kufaana. Baada ya Ordell, Harold wangu akapata kazi ya kudumu. Karibu kila mtu Stensrud amepita darasani kwangu au ameoana na aliyepita, na kila msiba ukiingia nyumbani kwa watu, kuna mmoja anayekumbuka ukurasa ule. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa mujibu wa hotuba yake, aliangusha kopo la misumari. Mwalimu wa bendi aliangusha ngoma. Fundi bomba aliangusha sinki. Ukiziamini hotuba za mji huu, hakuna mtoto hapa aliyewahi kukumbuka aya zake kabla mtu mzima hajavunja kitu.

Siku ya fundi bomba nilishindwa kujizuia. Mwanawe, aliyepata alama nzuri tu kwangu, alikuwa amesimama ukumbini na kikombe cha kahawa, nikamsogelea.

"Hotuba nzuri sana," nikasema. "Umeitoa wapi?"

"Moyoni, mwalimu," akasema, akaweka mkono kifuani kabisa.

Nikaenda kumlalamikia Janelle, dada yangu mkubwa, jikoni kwake.

"Sharti liko chini ya kila ukurasa," nikasema. "Ni sentensi moja tu. Kazi iko wapi?"

"Kwa hiyo unataka mjane asimame mbele ya jeneza aseme, 'Maneno haya ni kwa hisani ya Profesa Wendell Brekke'?"

"Si lazima aseme Profesa."

"Wewe si profesa."

"Ndiyo maana nimesema si lazima."

"Wendell, unataka wafiwa waweke tanbihi. Hebu jisikilize."

Nilijisikiliza. Sikubadilika hata kidogo.

Lakini maziko ambayo hayajanitoka moyoni ni ya mwalimu wa bendi, miaka mitano iliyopita. Tulikuwa tunarudi, Baba mkono mmoja kwenye usukani. Akainua kidole kumsalimu dereva wa lori la nafaka, kisha akasema bila kunitazama, "Hii hotuba wanayoisoma kila mara. Imetoka kwenye kitabu chako."

"Ndiyo, Baba."

"Janelle kanionyesha kwenye simu. Huyo Harold Lund, ulimjua wapi?"

Nina shahada mbili za mambo ya kusema. Nimeandika sura nzima kuhusu namna ya kumwambia mtu jambo zito kwa maneno mepesi, na imepakuliwa mpaka Ujerumani. Nilichotakiwa kusema pale ni maneno matatu: ni wewe, Baba. Lakini katika ukoo wa Brekke mwanamume hamwambii mwanamume mwenzake jambo kama hilo ndani ya gari linalokwenda, wala lililosimama. Mganga hajigangi.

"Nimemtunga tu," nikasema. "Ni mtu wa kitabuni."

"Aa," akasema Baba. Akatazama mashamba ya ngano kwa muda. "Anaonekana alikuwa mtu mzuri."

"Wa kawaida tu."

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," akasema, na kwa midomo ya Baba hiyo ni sifa kubwa kabisa.

Tukafika nyumbani. Baada ya siku ile nilipewa miaka mitano mizima ya kulirekebisha jibu langu, na pikapu ile ile, na barabara ile ile. Kila mara nilijiambia wiki ijayo.

Baba alifariki Februari mwaka huu, kwenye kiti chake, akisubiri taarifa ya hali ya hewa. Alikuwa na miaka themanini na mitano. Ardhi ilikuwa bado barafu tupu, kwa hiyo tungefanya ibada kanisani, na kaburi lingechimbwa Mei udongo ukilegea. Mchungaji akauliza nani atasema kwa niaba ya familia. Janelle alininyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Nikajifungia ofisini na kitabu changu mwenyewe. Sura ya saba inasema: andika mambo kumi unayoyajua kuhusu marehemu, kisha uchague matatu. Nilijipongeza sana siku nilipouandika ushauri huo. Nikapanga namba, moja hadi kumi. Nikajaza moja, mbili, tatu, nne. Mbele ya tano nikakaa saa nzima.

Niliandika kwamba alipenda supu. Nikaandika kwamba hakupenda upepo, nikafuta, maana ni nani hapa kwetu anayeupenda. Nikaanza kuelewa nilichokifanya. Nimeishi na mtu huyu duniani miaka hamsini na minne, na yote niliyoyajua kumhusu yalienea ukurasa mmoja, na ukurasa huo nilikuwa nimeshaugawa bure kwa yeyote mwenye simu. Nikiusoma, watu watasikia Ordell, na fundi bomba, na mwalimu wa bendi. Nisipousoma, sina Baba wa kumzungumzia. Niliona aibu, na mara hii sikupata namna ya kuigeuza kuwa mzaha.

Nikaenda kwa Janelle. Alikuwa anapasua mikate ya duara ya chakula cha msibani, anaipaka siagi na kutia nyama ya nguruwe, meza nzima imejaa.

"Usithubutu kusoma ile ya kitabu," akasema kabla sijavua koti. "Watu wameisikia mara sita. Watasema hata baba yake mzazi kamtolea fotokopi."

"Janelle, ile ni Baba."

"Najua ni Baba. Vile vigae vya vikombe nilifagia mimi. Wao ndio hawajui." Akapaka mkate mwingine. "Yeye mwenyewe alijua?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nimemtunga."

Akaweka kisu chini. Dada yangu ana maneno ya kumtosha kila mtu na mengine yakabaki, kwa hiyo nikasimama kuyasubiri. Hayakuja. Alinitazama muda mrefu, macho yakamjaa machozi, nami ningependelea matusi.

"Mzee wa watu," akasema hatimaye. "Kajitambua, kaja kuuliza kwa adabu, ukamwambia si yeye."

"Najua."

"Ungesema tu. Angejibu 'ingeweza kuwa mbaya zaidi,' mambo yakaisha."

"Najua, Janelle."

"Basi Jumamosi umwambie. Atakuwa pale pale mbele yako, na safari hii hana pa kwenda." Akachukua kisu. "Shika mkate, upake. Usinisimamie."

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nyuma kabisa, kwenye meza ya kahawa. Verna Tollefson alikuwa pale na aproni yake, pamoja na akina mama wengine wanaohudumia misiba. Nikapanda mimbarini na kadi nne, kila jambo kadi yake. Nikafanya yote niliyowafundisha watu kwa miaka ishirini na miwili. Nikaweka miguu sawa. Nikavuta pumzi kutoka tumboni. Nikachagua nyuso tatu za kirafiki, moja kushoto, moja katikati, moja kulia. Ushauri huo ni mbaya na nitauondoa. Kushoto alikuwa mjane wa mwalimu wa bendi, katikati mwana wa fundi bomba, kulia binti wa mwenye duka la vifaa. Kila uso niliouchagua ulikuwa umeshasimama hapo nilipo na kuzisema kadi zangu zote nne juu ya mtu mwingine.

"Baba yangu," nikaanza, "hakuwahi kupita."

Nikaona midomo yao ikimalizia sentensi. Mwana wa fundi bomba akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama mtu aliyemkuta mwalimu wake akiibia mtihani.

Nikanyamaza. Sura ya sita inataja aina tatu za kunyamaza mbele ya watu, zote zina faida, na hii haikuwa mojawapo. Maneno yaliondoka. Nilitazama kadi ya kwanza nikaona maandishi yangu na sikuweza kuyasoma. Nikatazama jeneza. Nikashika mimbari kwa mikono miwili. Mtu mmoja akakohoa. Benchi la mbele Janelle alikuwa ameinamisha kichwa. Mchungaji akaanza kujiinua kitini polepole, anavyoinuka mtu aliyeamua kuokoa hali, na nikajua kwamba akishafika hapa sitapata tena nafasi ya kumwambia Baba.

Ndipo sinia la vikombe likaanguka kule nyuma.

Kishindo kilijaa kanisa zima. Vichwa vyote vikageuka. Verna alikuwa amesimama katikati ya vigae, mikono mitupu, akasema kwa sauti ya mtu asiyejuta hata chembe, "Samahanini jamani."

Kabla watu hawajarudisha macho, mjane wa mwalimu wa bendi akaachia kitabu chake cha nyimbo sakafuni. Mwana wa fundi bomba akaangusha funguo. Mzee mmoja wa benchi la sita, ambaye hajawahi kukanyaga darasani kwangu, akainua mkongojo wake, akautazama, akauachia. Kwa muda kanisa zima likawa linaangusha vitu na kugeuka nyuma kuangalia ni nani aliyeangusha, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama mimi. Mchungaji akakaa. Watu wa Stensrud walijua la kufanya. Walikuwa wamelisikia mara sita.

Nikalia hapo juu bila kuonwa na mtu. Nikajifuta uso na kadi ya tatu, nikazitia zote mfukoni. Waliporudisha macho mbele, nilikuwa tayari.

"Harold Lund mnamjua," nikasema. "Yule wa ukurasa wa mia na kumi na mbili. Baba aliwahi kuniuliza nilimjua wapi, nikamwambia nimemtunga."

Nikaligeukia jeneza, kama Janelle alivyoniagiza.

"Sikumtunga, Baba. Ni wewe. Magari ni wewe, theluji ya wajane ni wewe, kidole ni wewe. Vikombe ni wewe na mtoto ni mimi, na siku ile nilikuona ukivisukuma."

Nilisubiri kidogo. Sijui nilisubiri nini. Mazoea tu, labda. Kisha nikawageukia watu.

"Mliyoyasema hapa juu ya watu wenu yalikuwa yake. Aliyasikia yote, amekaa benchi la nne pale, na hakudai hata moja. Aliyekuwa anadai ni mimi."

Nikashuka. Nilisema kama dakika mbili. Kitabu kinapendekeza tano hadi saba.

Chini, kwenye ukumbi wa chakula, watu walikula mikate ya Janelle na viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, wakanipa mikono bila maneno mengi, ndivyo tulivyo. Mwana wa fundi bomba alinijia, akasimama, akatazama viatu vyake. "Kumbe si moyoni," akasema, akaenda kuongeza kahawa. Verna nilimkuta jikoni na ufagio.

"Vingapi?" nikamuuliza.

"Tisa."

"Baba alivunja kumi na kimoja."

"Vya enzi hizo vilikuwa laini. Hivi vya siku hizi ni vigumu, mwalimu, ilibidi nivitupe kwa nguvu." Akakusanya vigae kwenye kizoleo. "Ordell wangu hakusimama kusaidia gari hata moja maishani mwake. Ulikuwa unajua?"

"Najua. Alimpita Baba mtaroni."

"Alipunguza mwendo kwanza?"

"Akaangalia, halafu akaongeza."

"Basi ni yeye," akasema Verna, akacheka mpaka akaegemea ufagio, na nikaona anacheka na kulia pamoja. "Ni yeye kabisa, mjinga yule. Miaka kumi nimekuwa namlilia mume wa kitabuni. Huyu wangu nilimvika nguo ya kuazima nikamzika nayo, na hata sijamlilia mwenyewe."

Nikamshikia kizoleo.

Mei udongo ukalegea, tukamzika Baba pembeni mwa Mama. Wiki hiyo hiyo nikafungua kitabu ukurasa wa mia na kumi na mbili, nikafuta Harold Lund kila mahali alipokuwa, nikaandika Alvin Brekke. Chini, kwenye mstari wa sharti, ambapo jina langu lilikuwa limekaa peke yake kwa miaka kumi na moja, nikaweka lake mbele. Nilijiapiza kutokichungulia tena kihesabio, na nikashika kiapo changu mpaka kesho yake asubuhi.

Juni akafariki Clayton, kaka yake Verna. Nilienda, nikakaa benchi la nne. Verna akapanda mimbarini, akakunjua karatasi, akavaa miwani.

"Kwanza nitasoma maneno kuhusu Alvin Brekke," akasema. "Yanatoka kwenye kitabu cha bure cha chuo. Halafu nitawaambia jinsi kaka yangu Clayton alivyokuwa tofauti na hapo."

Watu wakacheka, na yeye akawangoja wamalize, kama nilivyomfundisha. Akasoma ukurasa wote ulivyo, bila kubadilisha hata kikombe. Kisha akaikunja karatasi. Akasema Clayton alikuwa na mashine kubwa ya kuondoa theluji na hakuwahi kumwazima mtu. Akasema alikuwa bahili, na mbishi, na kwamba miaka sita ya mwisho ya mama yao alimsomea gazeti kila siku mezani, bei za ngano na vyote, hata baada ya mama kuwa hasikii tena. Alisema polepole, bila karatasi, na sijawahi kusikia hotuba nzuri kuliko ile.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Stensrud kusimama msibani akataja alikoyatoa maneno yake. Mimi sikutajwa popote. Baba alitajwa mara saba. Nilihesabu.